Baada ya ukimya, umetumwa kwa nani?

Masomo: 1 Wafalme 19:1–18, Mathayo 6:6

Siku hizi wapo watu wanaotafuta utulivu ndani ya miwani. Ni miwani mikubwa inayoziba macho yote na kuonyesha kile kinachoitwa uhalisia pepe. Ukiivaa chumbani kwako, unajiona umeketi ufukweni au msituni, na sauti ya upole inakuelekeza uvute pumzi na kuyaacha mawazo yapite. Je, hii nayo ni sala?

Tusikimbilie kulaani. Mjini Seattle, Marekani, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walibuni mchezo wa aina hiyo, SnowWorld, kwa ajili ya majeruhi wa moto. Mgonjwa anaposafishwa vidonda, anajiona akipita kwenye bonde la barafu na kurusha mipira ya theluji. Maumivu hupungua kwa sababu akili imeshikwa na jambo jingine. Kumpunguzia mtu mateso ni kazi ya Msamaria mwema. Nani aipinge?

Lakini kutuliza maumivu ni jambo moja, kusali ni jingine. Mtazameni Eliya. Alifika Horebu akimkimbia Yezebeli, amechoka kiasi cha kuomba afe. Ukapita upepo, tetemeko, kisha moto. Mwisho ukaja ukimya, na Mungu akasema naye. Ukimya ule haukuishia kumpumzisha. Mungu alimuuliza anafanya nini pale, akamrudisha njiani: Hazaeli na Yehu wapakwe mafuta, na Elisha ashike nafasi yake. Tena akamjulisha kwamba hayuko peke yake. Wamebaki watu 7,000 ambao hawakumsujudia Baali.

Miwani haikuulizi unafanya nini hapa. Haikutumi kwa ndugu uliyegombana naye, wala haikukumbushi mjane wa jumuiya yenu. Picha ikikuchosha, unaweka nyingine. Mungu hachaguliwi hivyo.

Basi, kama inakusaidia kutulia, itumie kama unavyotumia dawa. Kisha ivue, ufunge mlango kama Yesu alivyofundisha, uketi mbele za Baba bila picha yoyote. Ukiinuka hapo, jiulize: nimetumwa kwa nani? Kisha nenda.

Jumapili njema.