Suti ya Jumapili

Nilidanganya kanisani kwa miezi minane. Si kuhusu pombe wala wasichana. Nilidanganya kuhusu shule.

Nilipoitwa chuo kikuu, kanisa letu lilinifanyia harambee. Jina langu likatangazwa, makofi yakapigwa, mchungaji akaniwekea mikono. Mwaka wa pili karo ikakosekana, nikarudi nyumbani na begi. Mama hakulia. Aliniambia tu, "Jumapili utavaa ile suti. Wakiuliza, sema masomo yanaendelea."

Basi nikavaa. Kila wiki mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono mlangoni: "Masomo inaendaje, kijana?" Nami: "Vizuri, mzee. Ni Mungu tu." Yaani jina la Mungu nikalifanya kifuniko cha sufuria tupu.

Simlaumu mama. Alijua anachoogopa. Sote tulimwona msichana wa kwaya akipata mimba na kuondolewa safu ya mbele kabla hata tumbo halijaonekana, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kupiga gitaa.

Najua mtaniambia kuvaa vizuri ni kumheshimu Mungu. Sawa. Mama hupiga pasi rinda lake moja kila Jumamosi usiku, tena pasi ya makaa, na sijaona ibada safi kuliko hiyo. Sina ugomvi na pasi. Ugomvi wangu ni na kanisa linalokagua rinda na kusahau kuuliza aliyelivaa amekula nini.

Tena ukaguzi wenyewe una ubaguzi. Mheshimiwa akija na bahasha, anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Nani humuuliza pesa zimetoka wapi? Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipokataa mchango wa Rais Ruto kwa parokia ya Soweto na kusema pesa zirudishwe, nchi nzima ilishangaa kana kwamba ng'ombe ameota mabawa. Mimi nilishangaa tulivyoshangaa. Kumbe tulishazoea hivyo?

Na si ati Biblia imenyamaza. Someni Mathayo 23. Waliokaripiwa vikali na Yesu hawakuwa makahaba wala watoza ushuru, ambao alikula nao. Walikuwa watu wa dini, wataalamu wa kuonekana, wenye kupenda viti vya mbele. Leo tungewaita wageni waalikwa.

Jumapili moja nilichoka. Mzee akauliza swali lake, nikamwambia, "Niliacha, mzee. Karo ilikosekana. Nimekuwa nikikudanganya."

Hakuachilia mkono wangu. Alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia kazi iliisha tangu Januari. Kila asubuhi anafunga tai na kutoka. Nyumbani hawajui.

Miezi yote hiyo tulikuwa tukisalimiana, waongo wawili waliovaa vizuri, kila mmoja akimwogopa mwenzake, ndani ya nyumba tunayosema ni ya Baba yetu.

Wachungaji, msitupangie tena wiki ya maombi kwa ajili ya vijana wanaohama kanisa. Tupeni Jumapili moja tu ambayo mtu anaweza kujibu "si poa" na asipoteze kiti chake. Sisi wengine tutakuja hata na slipa.