Kompyuta Haioni Chini ya Maji

Anayedai kwamba programu za kuhariri picha zimezizika filta za lenzi yuko sahihi nusu tu: filta za rangi, na hata ile ya kuzuia urujuanimno, kamera ya dijitali haizihitaji sana. Filta ya polaraiza ni habari nyingine. Mng'ao wa jua juu ya maji ya kina kifupi Zanzibar huyaficha matumbawe, na kisichonaswa na kamera programu haikirejeshi, labda ikibuni. Polaraiza huukata mng'ao huo mlangoni, hasa ukipiga kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Atasema inakula mwanga. Kweli, stopu moja hadi mbili, lakini jua la pwani lina mwanga wa kumwaga. Hoja nzito, ambayo haigusi, ni kwamba kwenye lenzi pana polaraiza hulifanya anga la buluu litoke na mabaka; hapo, ivuliwe.