KUZIMA HAKUTOSHI

Jumapili watu watatu waliniuliza kwa nini Pasta ameharibu AC ya gari la kanisa. Sikuiharibu. Niliitoa. Nami naona wewe mwenye vani ya zamani yenye AC iliyokufa ufanye vivyo hivyo, lakini kwa njia safi.

Wale tuliokuwa pamoja usiku ule kutoka mazishini Nakuru mnakumbuka. Tunapanda Kinungi, mara mlio mkali, harufu ya mpira ulioungua, na mkanda ukakatika. Taa ya betri ikawaka, joto la injini likaanza kupanda, nikazima gari. Ndani tulikuwa watu kumi na wawili, akina mama wazee na mtoto mchanga wakiwemo. Tulikaa kando ya barabara saa mbili nzima kwenye baridi, malori yakitupita karibu mno. Nilimshukuru Mungu tulipofika nyumbani, lakini nilijua pia kwamba kosa lilikuwa langu.

Kilichotukwamisha ni kompresa ya AC. AC ambayo haikuwa imetoa baridi kwa miaka mitatu! Nikamwambia fundi, "Lakini mimi siiwashi kamwe." Akacheka. "Pasta, swichi inaachilia klachi tu. Puli inazunguka wakati wote injini ikiwaka." Beringi ya puli hiyo ilikuwa imekwisha, ikakwama, ikaula mkanda. Na kwenye gari letu mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji.

Umeelewa, mpendwa? Nilidhani kitu kikizimwa kimekwisha. Kumbe kilikuwa kinazunguka nasi kila safari.

Kwa nini tuliiacha miaka yote hiyo? Niseme ukweli. Tulipenda kusema gari letu lina AC. Mzee mmoja alipinga hata baada ya Kinungi: "Tukiitoa, wageni watatuonaje?" Nilimjibu kwa heshima kwamba wageni hawakuwepo usiku ule. Kutengeneza kungetaka kompresa mpya, mipira mipya na gesi, na madirisha yetu yanafunguka vizuri. Tukakubaliana itolewe.

Sasa nisikilize hapa. Kijana wa gareji ya kwanza alichukua spana akataka kufungua bomba gesi itoke tu hewani. Nilimzuia. Gesi hiyo ikitoka kwa nguvu inagandisha ngozi, na inaweza kupofusha jicho. Tena ile iitwayo R134a, iliyo kwenye magari mengi tangu miaka ya 1990, inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Magari ya kabla ya hapo yalitumia R12, ambayo mataifa yalikubaliana kuiachisha kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu ozoni. Usiseme AC haina baridi kwa hiyo haina gesi; mara nyingi imebaki kiasi. Tafuta fundi wa AC mwenye mashine ya kuivuta na kuiweka kwenye mtungi. Sisi tunaolia mvua imepotea mashambani, tusiwe wa kwanza kuichafua hewa kwa sababu hakuna anayetuona.

Kisha uliza kuhusu mkanda kabla kitu hakijafunguliwa. Kama kompresa ina mkanda wake peke yake, ni rahisi. Kama unashirikiana na vingine, utahitaji mkanda mfupi zaidi au puli ya kuziba nafasi, na fundi apime mwenyewe, asikisie. Nyaya zifungwe vizuri zisigusane. Ile kondensa iliyo mbele ya rejeta ikitoka, rejeta inapata upepo zaidi. Kipoozeo kilicho ndani ya dashibodi sisi tulikiacha. Kukitoa ni kazi kubwa, na nafasi yake ikibaki wazi upepo wa feni unavuja.

Usitarajie muujiza wa mafuta. AC isiyowashwa haikuwa ikila mengi. Na ujue utakachopoteza: AC hukausha hewa, ndiyo maana huondoa ukungu kwenye kioo haraka. Julai ukipita Limuru, washa hita, fungua dirisha kidogo, na uwe na kitambaa safi.

Kama AC yako inafanya kazi na unabeba wagonjwa au unaishi Garissa, iache, uitunze. Sikuambii utoe kilicho kizima. Na siku ukiuza gari, mwambie mnunuzi kwamba halina AC kabla hajabonyeza swichi.

Wiki hii fungua boneti, usikilize. Halafu jiulize, ni nini kingine maishani mwangu nimekizima tu, na bado kinazunguka?

Mbarikiwe. Tuonane Jumatano kwenye maombi. Gari litapita stejini saa kumi na moja jioni, madirisha wazi.