MPIGA PICHA, USINIBADILISHE



Ndugu yangu katika imani, hukumu ya picha wanazuoni wamekhitalifiana, na leo sizungumzii hilo. Nazungumzia unachomwambia mpiga picha ukienda studio siku ya Idi: "Niweke mweupe kidogo, na pua unipunguzie." Nakuuliza, hiyo kasoro ameiona nani? Na aliyekuumba ni nani?

Utasema, "Ustadh, kamera haidanganyi." Inadanganya! Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilitoa kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe. Picha zikasafishwa kwa kipimo cha ngozi yake, watu weusi wakatoka kama vivuli. Leo filta za simu zinakung'arisha hata hujaomba. Unajichukia kwa kipimo ambacho hukuwekewa wewe! Na kutoka kwenye filta hadi kwenye mkorogo ni hatua moja. Humo hupatikana zebaki, nayo huharibu figo.

Sikiliza mizani ya kweli. Masahaba walicheka wembamba wa miguu ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipopanda mti wa mswaki. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa Siku ya Kiyama miguu ile ni mizito mizanini kuliko mlima Uhud. Na Bi Aisha (r.a.) alipomtaja Bi Safiyya (r.a.) kwa ufupi wake, aliambiwa neno hilo lingetosha kuyaharibu maji ya bahari.

Basi wewe mume unayemwita mkeo "tipwatipwa" mbele ya watoto, na wewe mama unayemsifia binti mweupe na kumnyamazia mweusi, maneno yenu yangechafua bahari ngapi?

Wapo wanaosema dawa ni kuvua nguo mbele ya kamera ili "ujikubali". Hapana! Ukingoja laiki za watu wasiokujua ndipo uridhike, hujajikubali. Umebadilisha bwana tu. Kujikubali ni kuridhika na alichokupa Mola, ukakisitiri, na ukakitunza, maana mwili ni amana. Ukiwa na presha au sukari, nenda katibiwe.

Mtume (s.a.w.) alimwomba Mola ampendezeshee tabia kama alivyompendezeshea umbo. Sisi tunahangaika na umbo, ambalo Allah ameshalimaliza vizuri, na tabia tunaiacha.

Idi hii jisitiri, tabasamu, mwambie mpiga picha: "Iache hivyo hivyo."

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.