Tupime Kome, Si Maji Peke Yake

Uchafuzi wa maji ukitajwa hapa Kunduchi, haraka tunataja chupa za plastiki na majitaka. Sawa, hivyo vinaonekana. Mimi nataka tujadili uchafu ambao hata hadubini tunazogombania maabara hazituonyeshi: chembe za nano zinazotengenezwa viwandani.

Chembe hizi zina upana wa nanomita 1 hadi 100. Unywele wako mmoja una kama nanomita 80,000. Fedha ya nano hutiwa kwenye baadhi ya soksi na nguo za michezo ili kuua bakteria wa harufu. Oksidi za zinki na titani zimo kwenye losheni nyingi za kukinga jua. Ukifua au ukioga, sehemu yake inaondoka na maji. Na jiji hili wengi hatujaunganishwa na mabomba ya majitaka. Maji ya kufulia tunamwaga uani au mtaroni, masika inamalizia safari mpaka mtoni.

Huko yupo kome wa maji baridi. Yeye hawindi. Anakaa kwenye tope, anavuta maji, anayachuja kwa matamvua na kula kilichonasa. Majaribio ya maabara yameonyesha chembe za nano zikijikusanya kwenye matamvua na tezi yake ya mmeng'enyo, zikiumiza seli na kupunguza kasi ya kuchuja. Fedha ni mbaya zaidi, maana huendelea kuachia ioni zenye sumu. Kome akidhoofika, mto umepoteza mchujaji wake wa bure.

Mtu atasema dozi za maabara huwa kubwa kuliko za mtoni. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana sidai marufuku. Losheni ya jua ni kinga dhidi ya saratani kwa wenzetu wenye ualbino, hiyo isiguswe. Ninachodai ni tupime.

Kanuni zetu za ubora wa maji za 2007 zinaweka viwango vya metali kwa miligramu katika kila lita. Hazitenganishi metali iliyoyeyuka na iliyo chembe. Isitoshe, chupa ya maji uliyochota asubuhi inakueleza ya asubuhi hiyo tu, wakati nyama ya kome imetunza ya miezi.

Na sisi tumekaa mahali penyewe. Mto Tegeta unashuka pwani hii. Maji baridi yakikutana na chumvi, chembe hushikana na kuzama kwenye tope, wanakoishi kombe na chaza. TAFIRI ni majirani zetu. Jamani, tunasubiri nani?

Wanaochagua mada za mwaka wa mwisho, anzeni na kome na konokono mtakaowapata mtoni, juu na chini ya makazi ya watu, mpime fedha na zinki mwilini mwao. Kipimo hicho hakitathibitisha kuwa ni nano, lakini kitatuambia pa kuchimba zaidi. Nayo TBS idai lebo: Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka vipodozi viandikwe neno "nano" pembeni ya kiambato husika. Mnunuzi wa Tegeta naye ana haki ya kujua anachojipaka, na kinachoishia mtoni.