Karatasi ya Mfungwa

Kisa kinachokumbukwa kuliko vyote katika maisha ya Fumo Liyongo ni cha gerezani. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba mfalme wa Pate alipomtia kifungoni, mama yake alikuwa akimpelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakikila njiani. Liyongo akatunga beti, akamwimbia Saada azifikishe nyumbani: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Walinzi wakaudharau mkate wa wishwa, ukamfikia mwenyewe. Kisha akatunga nyimbo za gungu, watu wakakusanyika kupiga na kuitikia, na vishindo vya ngoma vikafunika sauti ya tupa ikila pingu. Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wa kisa hicho mwaka 1913, na wanafunzi wetu wameusoma kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo utungo wa mfungwa si mgeni katika Kiswahili. Kilichokuja baadaye ni gereza la kikoloni, lile lililoigeuza Fort Jesus kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, likafundisha kwamba aliyehukumiwa hana la kusema mpaka atoke. Fundisho hilo tumelirithi, na toleo hili limeandaliwa ili kulipinga.

Tunaposikia habari za mageuzi ya haki jinai, tunasikia habari za dhamana, msongamano, vifungo vya nje na adhabu ya kifo. Yote hayo ni ya haraka, na hakuna hata moja tunalotaka liahirishwe. Hoja yetu ni kwamba haki ya mfungwa kuandika, kuchora, kuimba na kumiliki alichokitengeneza ni sehemu ya mageuzi hayo hayo, wala haifai kungoja zamu yake kama pambo la nyumba iliyokwisha kujengwa. Sheria ya jinai ndiyo nguvu kubwa kuliko zote ambazo dola inazo juu ya raia, na inatumika mahali ambapo raia wengine hawaoni. Hakimu huiona hukumu siku anapoitoa. Anayeiona kila siku, usiku na mchana, ni anayeitumikia. Jamii inayomnyima mtu huyo karatasi inajinyima shahidi.

Ushahidi tunao. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, alitoa kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akatengwa peke yake. Mashairi aliyoyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani, aliandika riwaya nzima ya Kigikuyu kwenye karatasi za aina hiyo hiyo. Visa hivi tumevipenda, na katika kuvipenda tumekosea jambo moja: tumevisoma kana kwamba dhiki ndiyo iliyozaa fasihi. Abdilatif alikuwa mshairi kabla ya kufungwa, na Ngũgĩ alikuwa mwandishi mashuhuri. Gereza halikuwapa kipaji. Liliwanyima kalamu, nao wakaiiba nafasi. Swali linalopaswa kutukosesha usingizi ni la wale ambao hawakuwa na jina, wala mchapishaji aliyewangoja nje.

Hapo ndipo tunapokutana na pingamizi la kwanza, kwamba wale walikuwa wafungwa wa kisiasa, na mwizi wa kuku si Abdilatif. Ni kweli si yeye. Lakini ni nani hasa wanaojaza magereza yetu? Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji, nyingi zikiwa masalia ya ukoloni, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, wala si kwa tendo. Aliyekamatwa kwa kukosa mahali pa kulala, na mahabusu anayeozea rumande kwa kukosa wa kumdhamini, ana habari ya kutoa kuhusu sheria zetu ambayo msomi wa kisiasa hana. Malawi imekwisha kutuonyesha. Katika gereza kuu la Zomba, lililofurika mara kadhaa kupita uwezo wake, wafungwa na askari magereza walirekodi nyimbo walizotunga wenyewe, na albamu yao ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2016. Sehemu ya mapato ilikwenda kutafuta msaada wa kisheria, kesi zikaangaliwa upya, na baadhi ya wafungwa wakaachiwa. Wimbo ulifungua jalada ambalo lilikuwa limefungwa.

Pingamizi zito zaidi ni la aliyetendewa. Mama aliyeuliwa mwanawe ana haki ya kuuliza kwa nini muuaji asifiwe kwa shairi na alipwe kwa picha. Hatutamjibu kwa haraka, wala hatutamwambia asamehe. Tunalosema ni kwamba hukumu ya mahakama huondoa uhuru wa kutembea, na kile inachoondoa lazima kitajwe na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 51, inambakishia mfungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na hali ya kufungwa. Kutunga shairi kunapatana na kufungwa. Kuhusu fedha, Marekani imeshapita njia hiyo: jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1977 ya kuzuia mapato ya mhalifu anayeandika juu ya uhalifu wake, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitengua kwa kuwa iliadhibu maandishi. Mwaka 2001 jimbo hilo likarekebisha sheria, ili waliotendewa waarifiwe mfungwa anapopata fedha nyingi za namna yoyote na waweze kumdai. Njia hiyo ya pili ndiyo ya haki: inamlinda aliyeumizwa bila kumfunga mdomo aliyeumiza.

Wapo watakaotutetea kwa kusema kuwa sanaa humrekebisha mfungwa. Huenda, nasi tungefurahi. Lakini hatutaki haki hii isimame juu ya mguu huo mmoja, maana siku takwimu zitakaposema vingine itaanguka. Zanzibar imeliita gereza Chuo cha Mafunzo, jina zuri lenye ahadi kubwa ndani yake, na chuo ambacho mwanafunzi wake hawezi kuweka kazi yake kwa jina lake bado kinadaiwa. Tazama samani na viatu vya Magereza katika maonyesho ya Sabasaba. Ufundi wake unasifiwa na kila mpita njia, na vinauzwa kwa jina la idara. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa anayefanya kazi alipwe ujira wa haki, kila gereza liwe na maktaba, na shughuli za utamaduni ziwepo katika kila gereza. Serikali zetu zinazijua kanuni hizo.

Tunawaomba wabunge wa kanda hii waziingize katika sheria za magereza, kwa maneno yasiyoachia hiari ya mkuu wa gereza: karatasi na kalamu kwa anayeziomba, jina la mtunzi kwenye kazi yake, na hakimiliki mikononi mwake. Kwa upande wetu, kazi zilizomo katika kurasa zinazofuata zimechapwa kwa majina ambayo watunzi wenyewe wameyachagua, na malipo ya kila moja yanakwenda kwa mtunzi au kwa mtu aliyemtaja.