Mtu akikosekana: hati ya upekuzi inasema nini, na uvumi unaharibu nini? Somo la kesi ya Chebeya na Bazana

Mtu akitoka asubuhi na jioni hajarudi, mambo mawili yanaanza pamoja. Jamaa yake inaanza kutafuta: hospitali, kashoti, kwa marafiki. Na mtaa unaanza kusema. Kabla OPJ hajafungua hata ukurasa wa kwanza wa PV, watu wa avenii wamekwisha kujua nani alifanya, kwa nini, na mwili uko wapi. Halafu polisi wakionekana wanaingia katika nyumba ya mtu na karatasi mkononi, mtaa unatoa hukumu: "Unaona? Ni kwake."

Ile karatasi inamaanisha nini kweli? Na maneno ya watu yanasaidia ao yanaharibu? Katika historia ya karibuni ya Kongo, kesi moja inajibu maswali hayo kuliko zote: kesi ya Floribert Chebeya na dereva wake, Fidèle Bazana.

Siku mbili za Juni 2010

Chebeya alikuwa kiongozi wa La Voix des Sans Voix, shirika la kutetea haki za binadamu, maana yake sauti ya wale wasio na sauti. Tarehe 1 Juni 2010, jioni, alienda kwenye makao makuu ya polisi mjini Kinshasa. Alikuwa ameitwa kuonana na mkuu wa polisi wa wakati ule, jenerali John Numbi. Bazana ndiye alikuwa anaendesha gari. Akiwa kule, Chebeya alimwandikia bibi yake ujumbe kwa simu kwamba amefika na anangoja. Kisha simu ikanyamaza.

Kesho yake asubuhi, mwili wa Chebeya ulikutwa ndani ya gari lake huko Mitendi, komine ya Mont-Ngafula, pembeni ya mji. Kando ya mwili kulikuwa kondomu, nywele za wanawake na kucha za bandia. Bazana hakuonekana. Gari lilionekana, bosi wake alionekana, yeye hapana.

Lisemwalo halikuwepo, liliwekwa

Watu wanapenda kusema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kesi hii, vile vitu vya ndani ya gari vilikuwa kama habari iliyoandikwa tayari, wakangoja tu watu waisome. Ilitaka kusema: huyu mtu alikuwa na mwanamke, akafa katika starehe zake, mambo yaishie hapo.

Jamaa na wenzake wa kazi walikataa tangu siku ya kwanza. Walisema ile ni mchezo uliopangwa ili kumchafua marehemu na kufunika mauaji. Mahakama nayo haikufuata hadithi ya gari. Tarehe 23 Juni 2011, mahakama ya kijeshi mjini Kinshasa ilihukumu askari polisi wanne kifo, mmoja kifungo cha maisha, na ikawaachilia watatu. Kati ya wale wanne, watatu walikuwa wamekimbia: Christian Ngoy Kenga Kenga, Jacques Mugabo na Paul Mwilambwe. Aliyekuwa mbele ya majaji ni kanali Daniel Mukalay. Katika rufaa ya mwaka 2015, adhabu ya Mukalay ilipunguzwa mpaka miaka 15.

Somo la kwanza ndilo hili. Uvumi hautoki kila mara kwa watu wasio na kazi. Mara nyingine mwenye kosa mwenyewe ndiye anaupanda, kwa sababu anajua mtaa utamwagilia maji bila kulipwa. Anayepitisha habari ya aibu juu ya mtu aliyekosekana, bila kujua imetoka wapi, anaweza kuwa anamfanyia kazi muuaji.

Hati ni ya kutafuta, si ya kuhukumu

Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2006 kinasema nyumba ya mtu haiguswi: hakuna kuingia kupekua isipokuwa kwa njia na masharti ya sheria. Masharti hayo yako katika kanuni ya mashtaka ya jinai, ambayo msingi wake ni amri ya tarehe 6 Agosti 1959.

Kwa maneno rahisi, OPJ hawezi kuamka tu na kuingia kwako. Anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, ao hati kutoka kwa mwendesha mashtaka wa parke, isipokuwa kosa liwe linatendeka ao limetendeka sasa hivi. Upekuzi unafanywa kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa tatu usiku. Nje ya masaa hayo inahitajika ruhusa ya hakimu. Vitu vinavyochukuliwa vinaonyeshwa kwa mwenye navyo, vinaandikwa mmoja mmoja katika PV, na PV inatiwa sahihi.

Kuna jambo ambalo mtaa unasahau kila mara: sheria inaruhusu kupekua hata kwa mtu ambaye hashukiwi. Inawezekana mtu aliyekosekana alipanga chumba kwake zamani. Inawezekana simu yake ilisikika mara ya mwisho karibu na pale. Hati ya upekuzi inasema: "Hapa pengine kuna kitu cha kutusaidia." Haisemi: "Huyu ndiye." Kuna karatasi nyingine za kumwita mtu, za kumleta kwa nguvu na za kumfunga kwa muda, na hata hizo si hukumu. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke.

Tofauti hii si ya wanasheria peke yao. Katika miji yetu, nyumba zimechomwa na watu wamepigwa mawe kwa sababu tu polisi walionekana mlangoni. Na nyumba ikichomwa, kama ushahidi ulikuwa ndani, umechomeka pia. Jamaa inayotafuta mtu wake ndiyo inapoteza ya kwanza.

Polisi wakipaswa kujipekua wenyewe

Kesi ya Chebeya inaonyesha pia upande mwingine, ule mgumu zaidi. Nyumba ya kupekua ikiwa ni ofisi ya polisi yenyewe, nani anaingia?

Kwa sheria, Katiba inaweka askari na polisi chini ya mahakama za kijeshi. Kwa hiyo ni mwendesha mashtaka wa kijeshi ndiye mwenye uwezo wa kutoa hati. Lakini hati inahitaji watu wa kuitekeleza, na inahitaji kufika mapema. Katika ofisi kama ile, ushahidi unakaa katika daftari la wageni, picha za kamera, simu za walinzi, magari yaliyotoka usiku. Ni vitu ambavyo siku chache zinatosha kuvipoteza.

Numbi alisimamishwa kazi siku chache baada ya kifo. Alisikilizwa mahakamani kama shahidi, akakana kwamba alikuwa amempa Chebeya miadi. Mwilambwe, mmoja wa wale waliokimbia, alisema baadaye akiwa uhamishoni kwamba aliona mauaji kupitia kamera za ulinzi za jengo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi siku za kwanza kulikuwa na kitu cha kukamata ambacho leo hakuna anayeweza kukionyesha. Yaliyobaki imara ni yale meseji ya simu kwa bibi yake. Hakuna mtu aliyehitaji hati ili kuyapata: jamaa iliyahifadhi.

Ilichukua miaka kumi mambo kusogea tena. Kenga Kenga alikamatwa Lubumbashi mwezi Septemba 2020, muda mfupi baada ya Numbi kuondolewa katika kazi yake ya jeshi. Mugabo alifuata mwaka 2021. Mwezi Februari 2021, askari polisi wawili walio uhamishoni walieleza kwenye RFI namna Chebeya na Bazana walivyouawa kwa kukoseshwa pumzi. Walisema mwili wa Bazana ulizikwa katika kiwanja cha jenerali mmoja wa jeshi, kule kule Mitendi. Numbi alitoka nchini mwaka huo. Kesi mpya ilifunguliwa mwezi Septemba yeye hayuko. Tarehe 11 Mei 2022, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Kenga Kenga kifo, Mugabo miaka 12, na ikamwachilia Mwilambwe.

Hukumu ilitoka, lakini jamaa ya Bazana ilifika siku ile bila kupewa mwili wa kuzika. Kusema mwili uko katika kiwanja fulani kunabaki maneno mpaka ardhi ichimbwe kwa hati, mbele ya daktari na jamaa, na PV iandikwe. Na ardhi inayongoja miaka kumi na moja si kama ile ya juma la kwanza. Mvua inapita, kiwanja kinajengwa, alama zinapotea.

Kimya nacho kinazaa uvumi

Si haki kulaumu raia peke yao. Watu wanabuni wakati hawaambiwi kitu. Sheria inaweka siri juu ya uchunguzi, na siri hiyo ina maana: mwenye kosa asijue kesho watapekua wapi. Lakini kulinda siri hakumzuii mwendesha mashtaka kusema mambo matatu: kwamba kesi imefunguliwa, kwamba upekuzi ulifanywa kwa hati halali, na kwamba mwenye nyumba hajashitakiwa. Sentensi tatu kwenye redio zingeokoa nyumba nyingi na moto.

Jamaa inaweza kufanya nini

Ya kwanza, kutongoja. Yale masaa 48 ambayo watu wanayataja yako katika kifungu cha 18 cha Katiba, na yanahusu muda ambao polisi wanaweza kumshika mtu kabla ya kumwachilia ao kumpeleka mbele ya mamlaka ya sheria yenye uwezo. Si muda wa kungoja kabla ya kutoa habari ya mtu aliyekosekana. Habari inapelekwa siku ile ile kwa OPJ ao kwenye parke, na kama polisi wenyewe wanashukiwa, kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi. Namba ya kesi iandikwe na ichungwe.

Ya pili, kutunza kila kitu kidogo: meseji, saa ya simu ya mwisho, nguo alizovaa, jina la mtu aliyeenda kumwona. Simu isifutwe, hata kama kuna mambo ya aibu ndani.

Ya tatu, polisi wakija kupekua, kwa jamaa ao kwa jirani, kuomba kusoma hati kwa upole: jina, sahihi, muhuri, tarehe. Kubaki pale wakati wote. Kuhesabu vinavyochukuliwa na kusoma PV kabla ya kutia sahihi. Shefu wa kartie ao wa nyumba kumi akiweza kuwa shahidi, ni vizuri zaidi.

Na kwa yule ambaye si jamaa, kazi ni moja. Kama ameona kitu, akipeleke kwa mwenye kuandika PV. Kama amesikia tu, akiache.

Bazana hakuwa mtu wa jina kubwa. Alikuwa dereva aliyempeleka bosi wake kwenye miadi. Katika kesi nyingi za namna hii, dereva anayekosekana ndiye mtaa unaanza kumshuku: labda alikimbia, labda aliuza. Mahakama ilichukua mwaka mmoja kutoa hukumu ya kwanza na karibu miaka kumi na miwili kufikia ile ya Mei 2022. Muda huo wote, jamaa yake ilikuwa inabeba mzigo mbili: kumkosa mtu wao, na kujibu maswali ya watu ambao hawakuona kitu.